Mtungi wa Harusi ya Lorène

Shemeji yangu Onézime Técher hajawahi kupanga soksi zake, lakini maganda ya machungwa ndani ya ramu huyapanga moja moja kwa kibanio cha nyusi alichomwibia dada yangu Ghislaine. Sebule yao hapa Basse-Vallée, kijiji chetu cha pwani kisiwani, imejaa mitungi ya kioo, na nyuma ya kila rafu ameweka taa. Nanasi lazima liegemee kioo. Vanila lazima isimame wima. Ndizi, ambayo sisi wengine tunailoweka bila maswali, kwake ni marufuku, eti hugeuka nyeusi na kuharibu sura ya rafu. Mgeni akiingia haulizwi hali. Anaambiwa asogee kushoto kidogo, asizibe mwanga wa tangawizi.

Hadi alipostaafu alikuwa msimamizi wa barabara. Barabara yetu volkano huimeza kila inapojisikia, na kazi yake ilikuwa kwenda kuikagua ikishapoa. Kazi aliiacha, kukagua hakuacha.

Mtungi mkubwa kuliko yote ulikaa katikati, umefungwa utepe wa waridi shingoni. Aliuloweka wiki aliyozaliwa Lorène, mtoto wao wa pekee: lichi, vanila ya shambani kwao, na majani ya faham, okidi ya mwituni yenye harufu tamu, aliyoyafuata msituni mwenyewe. Akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba hautafunguliwa mpaka binti aolewe. Wengi hapa huapa hivyo, na wengi hushindwa.

Yeye alianza kushindwa Lorène alipoanza shule. Alikunywa kikombe kimoja, kukagua tu, kisha akajazia ramu mpya mpaka pale pale ilipokuwa, kama tunavyofanya sote. Timu yetu ya mpira ya Saint-Philippe ilipofungwa akakagua. Iliposhinda akakagua vizuri zaidi. Miaka ikaenda, lichi zikawa nyeupe pe kama mayai yaliyomenywa, na bado kila Jumapili, tukila kari ya bata kwake, alitusimulia jinsi ramu ya mwanawe inavyozidi kuiva. Mimi nilishamfuma na kikombe mkononi, kwa hiyo nilikuwa namwuliza tu, mbele za watu, ukaguzi umefikia wapi.

Halafu Lorène akapata mchumba, na mchumba akawa na baba. Baba huyo, Axel Dijoux, anatoka Cilaos, milimani, na analoweka ramu nzuri, jambo ambalo huna haja ya kumwuliza maana atakueleza kabla. Siku ya posa alizitazama rafu zote, akasogea kushoto alipoambiwa, kisha akasema kwa upole, “Ninyi watu wa pwani mnaloweka mapambo.” Onézime akapandwa na hasira. Akaunyooshea kidole mtungi wa utepe na kutangaza kwamba una umri wa bibi harusi na haujaguswa hata tone. Dijoux akasema vizuri, siku ya harusi atakuja na kaka zake wote waionje.

Kesho yake shemeji alikuja kwangu uso umemshuka.

“Shemeji, nimekwisha. Mle ndani kuna ramu ya dukani na lichi zilizokufa.”

“Mwambie mwanao.”

“Heri nimwambie Dijoux. Dijoux atanicheka tu. Lorène atanitazama.”

Badala ya kusema akaanza ufundi. Aliupandisha mtungi juu ya bati upigwe jua, na Ghislaine alipouliza unafanya nini huko akajibiwa kwamba unapunga hewa. Akatia vanila mpya, akatia sukari ya kuunguza, akatia chai ya rangi. Akaniletea nionje. Nilimwambia ingemfaa ng'ombe mwenye kikohozi.

Siku ya harusi, chini ya hema la majani ya mnazi, akina Dijoux walikaa mstari wa mbele kama wasimamizi wa mtihani. Onézime akasimama ameukumbatia mtungi, utepe umenyooshwa kwa pasi. Nimemtania mtu huyu maisha yangu yote, lakini pale nilimwonea huruma hasa.

“Lorène, mwanangu,” akasema, “hii siyo ile. Ile nimeinywa mimi, kidogo kidogo, tangu unajifunza kusoma. Nisamehe.”

Lorène hakumtazama yeye. Alimtazama mama yake.

Ghislaine alikuwa tayari anaelekea jikoni. Akatoka na galoni la kioo lililovikwa gunia, la aina ya kuwekea siki, bado linanuka sabuni ya kufulia kwa sababu lilikaa nyuma ya sabuni hiyo. Akaliweka mezani na kusema kwa sauti ile ile anayonunulia vitunguu:

“Siku ya kwanza tu ulipopanda kitandani unanuka vanila, nilihamisha yote humu. Kwenye mtungi wako nikatia ramu mpya na lichi za sokoni. Hizo ndizo ulizokuwa unakunywa.”

“Miaka yote hiyo?”

“Yote. Na mara nyingine nilikuwa nakuongezea mimi, maana ulikuwa unajazia kwa ubahili.”

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka, Lorène wa kwanza. Ghislaine akamimina. Ilikuwa nyekundu kama asali ya msituni. Dijoux akaonja, akafumba macho, akaonja tena, kisha akanyoosha glasi iongezwe bila kusema neno, na mtu wa Cilaos akikosa neno hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo.

Onézime alipewa mwisho. Kwa miaka mingi alikuwa amejisifia ladha ambayo hakuwahi kuionja ikiwa imeiva, na sasa ilikuwa mdomoni mwake. Akakaa chini taratibu, machozi yakamtoka mbele ya wakwe zake na hakuyaficha.

“Ghislaine,” akasema, “kumbe mimi nilikuwa fundi.”

Dada yangu akamfuta shavu kwa taulo ya vyombo.

“Sana, mume wangu. Ndiyo maana nilikunyima.”