Jeti ya Nyanjige wa Nkoma

Nyanjige alikuwa fundi cherehani pale Nkoma, na aliyewahi kupita barazani kwake miaka ile anajua: mguu unakanyaga cherehani, mdomo unaimba, siku nzima. Mumewe Marcelo alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma ya kijiji. Marcelo alipofariki, nyimbo hazikupotea, maana nusu yazo mkewe ndiye aliyekuwa amezitunga huku anapinda suruali za watu. Basi akaishika ngoma yeye. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Wakubwa wa ngoma wakamwita. Wakaongea naye kwa upole, ule upole wa kukuumiza tumbo. Mwaka uliopita walishindwa na Novatus, manju wa Mwandoya. Wakishindwa naye tena safari hii, pale Bariadi, ngoma inakwenda kwa shemeji yake Machibya, mdogo wake Marcelo. Na Machibya mwenyewe alikuwepo, kakaa pembeni anachokonoa meno.

"Hakuna ubaya, shemeji," akasema. "Suruali za kupinda zipo."

Nyanjige akanyanyuka, akatoka. Kushona alifundishwa, kulima alifundishwa, lakini kuimba alizaliwa nako, na sasa wanataka kumvua hadharani kama kitenge cha kuazima.

Sasa ngoma za Usukumani zinashindanishwa hivi: zinapigwa mbili kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, hii huku na ile kule. Hakuna maksi za mavazi wala nini. Watazamaji wanakwenda wanakotaka, na jua likianza kushuka mwamuzi anaangalia kitu kimoja tu: watu wako wapi? Mwenye watu kashinda. Ndiyo maana kila manju anatafuta kituko. Wengine wanaleta chatu, wengine wana dawa ya kuvuta watu ambayo huwa haitajwi. Novatus yeye mwaka uliopita alikuwa ameleta treni ya mbao inayotoa moshi kabisa, na Nyanjige akabaki anaimbia vumbi.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa. Pamba wananunua matajiri wenye malori yao, na ghala la chama cha msingi cha ushirika limebaki la panya. Nyanjige akaenda akachungulia mle ndani, akarudi na neno moja: tunaunda ndege. Siyo kindege cha kuchezea watoto. Jeti ya kivita, ile ya vita ya Kagera, kwa saizi yake yenyewe.

Watu wakacheka, mpaka walipoona mwenzao hacheki.

Alikuwepo Anatoli, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kulinda uwanja wa ndege wakati wa vita. Kijiji kizima kilimwita Afande. Akachukua mpini wa jembe, akaichora jeti kwenye vumbi la sakafu ya ghala, na alipomaliza waliokuwa wanacheka wakanyamaza, maana mkia ulikuwa unagusa ukuta. Kuanzia hapo watu wakaja wenyewe, bila malipo, wakitoka kuvuna. Wanaume na fito na kamba za katani, kina mama na magunia ya pamba. Salu, fundi baiskeli, akakunja mbavu za ndege. Nyanjige akayashona yale magunia yakawa ngozi, wakaipaka rangi ya fedha ya mabati.

Afande hakuwa na huruma. Pua aliifumua mara mbili, anasema hiyo ni pua ya bata. Salu akamuuliza kama adui atakuja kuikagua.

"Mimi nitaikagua," akasema Afande.

Ila mle ndani hakukuwa na injini wala gurudumu. Ile jeti ilikuwa inakwenda kwa miguu: wacheza ngoma wenyewe wanaingia chini, wanainyanyua kwa mabega. Hilo halikumsumbua mtu wakati ule.

Siku yenyewe ikafika. Wakaisafirisha vipande vipande kwenye lori la pamba, wakaiunga palepale uwanjani Bariadi. Jua likiwa kali, ngoma zikaanza, na we acha tu. Watu walikuja upande wa Nyanjige kama maji. Wanaigusa, wanaizunguka, wengine wanamwonyesha Afande kwa kidole eti ndiye rubani.

Novatus akaona watu wanamhama. Akaacha kupiga, akaenda kwa mwamuzi, mzee Mwandu, na kulalamika kwamba hawa watu wamefuata magunia, hawajafuata ngoma. Mzee Mwandu akamsikiliza, kisha akaja mpaka mbele ya Nyanjige.

"Mayu, mama yetu, ndege itoke uwanjani. Ukiwashika watu bila hiyo, umeshinda."

Nyanjige akapiga hesabu. Waliokuwa na uwezo wa kuinyanyua ile jeti ni watu wake, wapiga ngoma na wachezaji wote. Wakiingia chini, uwanjani anabaki yeye peke yake na koo lake. Akikataa, anatolewa kwenye mashindano. Na huku wamesimama hivyo, Novatus kesharudi kwenye ngoma zake, anazipiga kwa fujo, na watu wa pembeni wanaanza kusogea kwake mmoja mmoja.

"Shemeji," Machibya akasema kwa nyuma, taratibu, "usijiaibishe. Sema tu umeniachia."

Nyanjige akamgeukia mzee Mwandu. "Bhabha, itoke iende wapi?"

"Popote. Isiwe hapa."

"Na mashindano yanaendelea?"

"Mpaka jua lishuke."

Akainama chini ya pua ya jeti, Afande alipokuwa amejipanga. "Tunaondoka, Afande. Polepole. Na mnaimba."

"Tunaimbaje, ngoma tumeziweka chini?"

"Pigeni miguu."

Wakanyanyua. Na palepale upepo wa Julai ukapiga bawa la kushoto. Jeti ikalala upande. Fito moja ikaalika, mtu chini akaguna kwa maumivu, na Nyanjige akaona kazi ya kijiji kizima inakwenda kuvunjikia kwenye vumbi mbele ya Novatus. Kabla hajapiga kelele, watazamaji waliokuwa karibu wakarukia bawa, wakalishika. Wengine wakakimbilia la pili. Ikasimama.

Sasa mtu ukishashika bawa la ndege kwenye upepo, unaliachiaje? Huachii. Unakwenda nalo.

Nyanjige akatangulia mbele, akatoa sauti. Chini ya jeti wakaitikia, miguu inapiga ardhi kwa pamoja, na jeti ikatoka uwanjani ikashika barabara ya madukani. Yeye hakugeuka nyuma. Aliogopa. Huenda nyuma kuna watu wa mabawa tu, basi, na wengine wote wamebaki kule. Akaimba wimbo wa kwanza mpaka ukaisha, akaunga wa pili, koo linawaka. Ngoma za Novatus alizisikia kwa mbali. Halafu akazisikia kidogo. Halafu hazikusikika.

Ndipo akageuka.

Barabara ilikuwa haionekani kwa watu. Wauza miwa wamebeba miwa yao, watoto, wazee wenye fimbo, na hata wachezaji wa Novatus wawili wakiwa na manyoya yao kichwani. Mzee Mwandu alikuja amepakiwa kwenye baiskeli, Novatus anakimbia kando yake, anabisha.

"Wewe ndiye uliyetaka itoke," mzee Mwandu akamwambia. "Jua linashuka, na mimi naangalia watu wako wapi. Wako hapa." Kisha akamwambia Nyanjige ageuze, warudi uwanjani akatangazwe mshindi.

Afande akachungulia kutoka chini ya pua. Akaangalia maduka ya huku, akaangalia ya kule. Mabawa yalikuwa yamebakiza nafasi kidogo tu kila upande.

"Haigeuki hapa," akasema. "Na haijui kurudi nyuma."

Kutoka chini ya bawa la kushoto ikasikika sauti ya Machibya, ambaye watu walimsukumia humo wakati wa upepo, na sasa jasho linamchuruzika. "Manju," akasema, "tunafanyaje?"

Nyanjige akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Tunakwenda mbele," akasema, na kuanza wimbo mwingine.