Adela wa Vichanja vya Kahawa

Alizaliwa mwaka 1958, upande wa Namanyere, katika nyumba ya Kasimiri, mkulima wa ulezi na kahawa, akabatizwa Adela. Ushirika wa kwanza wa wakulima wa kahawa ulipokufa, wakubwa wake wakiisha kula jasho la watu na kuhamia Sumbawanga mjini, wanaume waling'oa mibuni kwa hasira. Adela alibakiza yake. Tena tusijifanye tumesahau: baadhi ya wakubwa wale mpaka leo hukaa viti vya mbele kanisani.

Mwaka 2015, akiwa mjane, alimweleza paroko kwamba akiwa katika sala aliitwa kuwakusanya tena watu. Zikaja kaya kumi na tisa. Akawafundisha kuchuma matunda mekundu tupu, kuyamimina majini ili mepesi yaelee yatupwe, na kuyaanika juu ya vichanja vya wavu. Mnunuzi wa kahawa bora, Cleophas, akaahidi kuja kuionja.

Jaribu lilimjia kwa mlango wa huruma. Juni 2019, akina mama wa jumuiya walikuwa na dagaa wa sikukuu waliolowana kwenye boti. Adela akawaazima vichanja vya kikundi wawaanike, kisha vikaoshwa na kahawa ikaanikwa palepale. Asubuhi ya kuja mnunuzi alikaanga konzi moja, akanusa, akaketi chini. Kahawa ya kikundi kizima ilinuka samaki.

"Nyamaza, dada," alisema Zenon, mdogo wake, mwenyekiti wa kikundi. "Pua yako hiyo itatuua. Tumpe ya mwaka jana aonje."

"Wale wa ushirika wa kwanza walianza hivyohivyo, Zenon. Tena wao walivaa suti."

Akamwendea Cleophas: "Usionje, baba. Imeharibika, na aliyeiharibu ni mimi."

Kahawa yote ikakataliwa. Wakamwita Mama Dagaa, salamu yake ikawa haiitikiwi. Naye akakata miti, akawajengea vichanja vipya kaya kwa kaya, akianza na waliomcheka. Alifariki Machi 2020, kabla ya mavuno.

Juni, Cleophas alirudi bila kuitwa. "Nimemfuata yule mama aliyenizuia," alisema, akaichukua kahawa yote.

Wapo wasemao kaburi lake hunukia maua ya mibuni hata kiangazi. Hilo Kanisa litalipima. Muujiza tulioushuhudia sote ni huu: msimu huo Zenon alisimama pale kahawa inapopokelewa, akakuta matunda mabichi katika gunia la mkewe, akalibeba mwenyewe kulirudisha nyumbani, mchana kweupe, watu wakimtazama. Anayetaka kumwiga Adela aache kuchota udongo wa kaburi lake, akapekue gunia lake mwenyewe.