Mwenye Upanga Alikuja na Tata

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni taratibu, wala msiulize kama ni kweli. Ndoto ni ndoto. Nawapeni kama nilivyoiona.

Usiku ule nililala mapema kwa sababu sikuwa na mtu wa kuongea naye. Mwanangu Ambokile alikuwa amekuja kutoka mjini na mkewe Tusajigwe, lakini yeye na simu yake, mkewe na vyombo. Waliomjua baba yangu, tuliyemwita Tata, wamekwisha wote. Kitu chake kilichobaki ni upanga alioutoa Bama, yaani Burma, alikopelekwa na Mwingereza kupigana na Wajapani, akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika. Alivyoupata hakusema hata siku moja. Umekaa juu ya kabati langu miaka yote, na asubuhi nikiamka nausemesha. Anayetaka kucheka na acheke.

Mchana wa siku hiyo Ambokile alileta mzee mmoja, mjuzi wa silaha za kale. Mzee yule aliuchukua kwa kitambaa, akaugeuza polepole karibu na dirisha.

"Huu ni wa ofisa, mama," alisema. Akanionyesha ala ya chuma yenye rangi ya udongo, na mpini uliosukwa uzi juu ya ngozi ya samaki taa. "Lakini hizi ni nguo tu. Wakati wa vita viwanda vyao vilitoa panga harakaharaka kama majembe. Ila ofisa mwingine alichukua upanga wa babu zake, akauvika nguo za jeshi. Kwa nje zote zinafanana."

"Utajuaje basi?"

Akagusa kijiti cha mwanzi kilichopenya mpini. "Kesho nitakitoa hiki, mpini utoke. Chuma kilichojificha humo ndicho kinachosema. Wa kiwandani huwa na muhuri. Wa zamani huenda una jina la mhunzi, na kutu nyeusi iliyokaa miaka mingi. Kutu hiyo isiguswe. Ukiisugua, umeufuta umri wake." Kisha akaniwekea kidole changu penye ua dogo la fedha mwishoni mwa mpini. "Na hii ni alama ya ukoo. Mwenyewe alikuwa na kwao."

Alipoondoka, Ambokile akasugua viganja. "Mama, ukiwa wa babu zao, mnunuzi ninaye. Ukiwa wa kiwandani tutakatia majani ya ng'ombe."

"Majani ukate wewe?" mkewe akamdakia. "Jembe tu la juzi limekutoa malengelenge!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba ukiwa na thamani utaondoka, usipokuwa nayo utatupwa zizini. Kote kote mimi nabaki na kabati tupu. Halafu Ambokile akatoa msasa kwenye begi.

"Alfajiri nitaung'arisha wote, ndani na nje."

"Mzee amesema usiguswe."

"Mama, nani ananunua uchafu?"

Nikaingia kulala.

Nikaona jikoni kwangu ni mchana. Tata alikuwa amekaa karibu na mafiga, kavaa koti refu la jeshi linalochuruzika maji, wala sakafu hailowi. Namwamkia, haitikii. Ananyoosha mkono mlangoni. Hapo amesimama kijana Mjapani, sare yake imechanika begani. Anavua viatu kabla ya kuingia, na hakuna aliyemwambia. Nampa kigoda. Nampa chai. Hanywi. Anakishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyepigwa na baridi siku nyingi.

Nageuka kuchukua sukari, na jiko halipo. Ni msitu wa mianzi, mvua inanyesha, matope hadi magotini. Tata ni kijana kuliko hata mwanangu. Yule Mjapani anapiga magoti, anautoa upanga kwa mikono miwili, kama sisi tunavyompa mzee kitu. Tata anaupokea kwa mikono miwili. Kisha kijana analala ubavu palepale matopeni, na mvua inaendelea kumnyeshea.

Halafu si msitu tena. Ni shambani kwetu, mimi ni mtoto, nimeshika nguo ya mama. Watu wamezunguka kaburi, na kinachoshushwa ni gogo la mgomba lililofungwa kwa majani makavu. Baba yangu mdogo, Lwitiko, alifia Bama na mwili wake haukurudi. Kwetu mtu wa namna hiyo huzikwa kwa mgomba, asije akazurura. Bibi analilia gogo lile kama analilia mtu. Na yule Mjapani amesimama nyuma ya waombolezaji, peku, anatazama.

Tata ananiinamia. "Sisi tulipata mgomba. Kwao huyu hawakupata kitu cha kuzika."

Nakuwa mzee tena, na upanga uko magotini pangu. Kijana anasogea, anasukuma kile kijiti kwa kidole gumba, mpini unateleza. Chuma cha ndani ni cheusi. Anakifunika kwa kiganja kama mtu anavyompapasa mtoto mwenye homa, nami sioni kilichoandikwa.

"Ni jina au ni muhuri?" nauliza.

Tata ananitazama kwa ukali wake ule ule. "Ukijua, utamzika vingine?"

"Ukiondoka huu, Tata, mimi nabaki na nani?"

"Mimi simo humo, mwanangu. Yumo yeye."

Nikataka kumshika koti, mkono ukapita hewani. Nikasikia kitu kinakwaruza, kwaru, kwaru, na kijana yule akajishika kifua. Nikafumbua macho. Kulikuwa kumepambazuka, na kwaru ile ilikuwa inatoka uani.

Nilitoka bila viatu. Ambokile alikuwa ameanza na ala, mpini bado alikuwa hajaugusa. Nikampokonya msasa, nikautia motoni. Akaniuliza kama naumwa. Mkewe akasimama na ufagio mkononi.

Nikawaambia hivi, na ndivyo ninavyowaambia hata ninyi: "Upanga huu hauuzwi na hausuguliwi. Mzee wa jana akija, aufungue, asome kilichomo, na kwa alama hii ya ukoo atutafutie watu wake. Uwe na jina, uwe na muhuri, unakwenda kwao ukazikwe. Ambokile, mpigie mnunuzi wako, mwambie hakuna kitu. Nawe Tusajigwe, fungua sanduku langu, toa shuka nyeupe mpya, uuvike. Mtu harudishwi kwao uchi."