Homa Iliyotoka Mdomoni

Januari ya 2013 mguu wangu wa kushoto ulianza kuwa na habari zake. Nilikuwa darasani Lodwar, chaki mkononi, mara kitu kama waya wa moto kikashuka kutoka kwenye tako hadi nyuma ya goti, kikatulia, kikashuka tena. Niliwaambia wasichana wanakili mfano ulioko ubaoni, nikashika meza.

Vidonda nilikuwa nimeviona tangu wiki ya Krismasi: malengelenge madogo yaliyosongamana kama ufuta, mahali ambapo mama alinilea nisipataje. Yalipasuka, yakanichoma kila nilipoenda haja ndogo, yakakauka. Ngozi ikarudi kuwa ngozi. Lakini kile kitu hakikuondoka, kilihama tu. Kiliingia ndani zaidi, na kutoka huko ndani kikawa kinanitazama.

Mwanamume alikuwa mmoja tu: mwalimu Mkongo, mkimbizi wa kambi ya Kakuma, tuliyejuana naye kwenye semina ya walimu. Likizo ya Desemba nilimkuta anatoka kwenye malaria, amekonda, ameketi nje chini ya mwarobaini. Mdomo wake wa juu ulikuwa na vipele vya maji, na kila jirani aliyepita alivifurahia.

"Homa imetoka mdomoni," walisema. "Huyu amepona."

Nilifurahi pamoja nao. Hata kwetu Busia ndivyo tunavyosema: homa ikishindwa mwilini hutafuta mlango, na mlango wake ni mdomo. Mgonjwa akitokwa na vidonda hivyo, watu huacha kumwombea na kuanza kumtania. Nilimbusu papo hapo penye ushahidi wa kupona kwake, na mabusu yake siku zile hayakuishia mdomoni. Kondomu tulitumia. Ndiyo maana baadaye sikuelewa.

Aliniomba nirudi Pasaka na jibu: tuoane au la. Nami Januari yote niliamini kwamba ninakufa, na kwamba ni yeye aliyeniua.

Sisi tuliokua Kenya wakati ule tulifundishwa kuogopa ugonjwa mmoja tu. Basi nilikwenda VCT kupimwa virusi vya ukimwi. Mstari mmoja: sina. Sikuamini, nikavuka mji kwenda kituo kingine. Mstari mmoja. Nikarudi kile cha kwanza, na mshauri akakishika kidole changu akikitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hii kidole itabaki na nguvu ya kushika chaki kweli?"

Nilicheka naye. Nje, juani, mguu uliungua hadi kisigino, nikajua kwamba kipimo kimedanganywa.

Kwa kuwa hakuna aliyenihukumu, nilijihukumu. Nilitenga kikombe changu. Nilifua shuka kwa maji ya moto katika mji ambao maji yenyewe ni ya kupigania. Nikilala chali nilisikiliza paja langu, jinsi mtu anavyosikiliza hatua za mgeni nyumbani mwake. Mama mwenye nyumba, Mturkana mpenda utani, alipita na mjukuu wake mchanga, akanisalimia kwa Kiturkana na kuninyooshea mtoto.

"Ejok, mwalimu. Shika yeye."

"Mikono yangu ina chaki, mama."

"Chaki nakula mtoto?"

Sikumpokea. Aliondoka bila kucheka, na tangu siku hiyo akawa ananisalimia kutoka kwa mlango wake.

Mwishoni mwa Februari vidonda vilirudi, palepale. Safari hii nilimwonyesha daktari wa zahanati, mwanamke wa rika la dada yangu mkubwa. Alitazama kwa tochi ya simu, akavua glavu.

"Herpesi," alisema. "Inakaa kwenye mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mguu unalia. Haitakuua, na mtoto hapati kwa kubebwa."

"Itaisha lini?"

"Haiishi. Inalala, inaamka. Miaka ikienda, inaamka mara chache." Alichukua kalamu. "Uliyekuwa naye alikuwa na vidonda mdomoni?"

"Hapana," nikasema. "Alikuwa na malaria."

Aliacha kuandika, akaniinulia macho. Hakucheka. Alingoja mpaka nikasikia mwenyewe nilichosema.

Pasaka nilikwenda Kakuma na hasira niliyoifanyia mazoezi njia nzima. Alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo ya kwao. Nilimweleza kabla hajapakua.

"Ile ni homa tu," alisema. "Tangu niko mutoto inanitokaga."

"Si homa."

"Kwa hiyo miye ndiye mugonjwa? Ni miye nilikuletea?"

"Ndiyo."

Aliketi. Akagusa pembe ya mdomo wake, si mahali palipokuwa na vidonda Desemba, upande wa pili.

"Mama ilikuwa inamutokaga hapa," alisema. "Kila wakati wa mvua. Na alikuwa anatubusu nayo, sote."

Hakuwahi kunisimulia habari za mama yake, ila kwamba walipotezana njiani walipokuwa wakikimbia kutoka Fizi, kwao Kongo, na kwamba hajui kaburi lake.

"Basi ni yake," akasema. "Nilifikiri sikutoka na kitu chake hata kimoja."

Hasira yangu ilibaki imesimama, haina pa kukaa. Mwanamke nisiyemjua, aliyembusu mwanawe msimu wa mvua, alikuwa ameketi ndani ya paja langu, naye hatatoka humo nikiwa hai.

"Na jibu?" aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo.

Alinyoosha mkono, na kabla haujanifikia waya ukashuka mguuni. Aliona nilivyokunja uso.

"Inauma sasa hivi?"

"Inauma."

Alisogeza kiti chake nyuma, taratibu, kama mtu anayempisha mwingine apite kati yetu.

"Usiende mbali," nikamwambia. "Lakini kaa hapo kwanza."