Jina Lililoingia Kwenye Ngoma

Donatus wa Masumbwe alikuwa na lengo moja maishani, nalo halikuwa dogo: awe manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, ambaye watu wakimtaja hawasemi "yule anayeimba", bali "yule asemaye kweli". Pamba na mpunga alilima kama kila mtu, maana hata msema kweli hula. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyimbo. Siku za kulima kwa zamu ndiye aliyeongoza, majembe yakipanda na kushuka kwa sauti yake, na wazee walikubali kwamba ana kitu, ingawa hawakutaja ni kitu gani.

Umaarufu ulimfikia akiwa na miaka thelathini na sita, kwa wimbo wa uongo.

Ilikuwa hivi. Nje ya mji, kwenye shimo la wachimbaji wadogo, yaani duara kama wenyewe wanavyoliita, wanaume wawili walikuwa wakimvuta mwenzao Luka kwa kamba atoke chini. Mmoja alikuwa Marselino. Simu yake ikaita. Marselino ni mtu wa adabu. Hakuona vizuri kumsubirisha mpigaji, akaachia kamba apokee. Wa pili, Mwigulu, akabaki nayo peke yake. Kamba ilimchuna viganja mpaka nyama, hakuiachia. Luka akateguka goti badala ya kufa. Mpigaji alikuwa amekosea namba.

Kosa la namna hiyo kule haliendi polisi, linaenda kwenye wimbo. Ni desturi ya zamani, na ina nafuu yake: mtu huchekwa msimu mmoja, akajirekebisha, yakaisha. Donatus akatunga, tena kwa Kiswahili, ili hata wageni wa machimboni wacheke. Yeye anauliza, "Kamba kaiachia nani?" Ngoma inalia mara tatu. Watu wanajibu jina.

Hapo ndipo penye tatizo. Ma-ri-se-li-no ni jina la mtu mwenye nafasi. Kwa mapigo matatu haliingii, linamwagika. Mwi-gu-lu liliingia kama mguu kwenye kandambili yake.

"Si Mwigulu ndiye aliyeshika?" aliuliza Onesmo, mpiga ngoma wake.

"Najua. Kila mtu anajua. Ndiyo maana inachekesha."

"Haya, manju," Onesmo akasema, kwa sauti ya mtu anayepiga tu.

Na kijiji kilicheka kweli, kwa sababu kilijua. Mwigulu mwenyewe alicheka, mara moja. Kisha mtu akaurekodi wimbo kwenye simu, na simu hubeba wimbo bila kubeba maelezo.

Mwaka ulipopinduka, Ibrahimu, mfanyabiashara wa dagaa, alimkuta Donatus sokoni akamkumbatia mbele za watu.

"Baba Limi, umetoka! Kule ziwani Nkome wavuvi wanavutia nyavu kwa wimbo wako. 'Kamba kaiachia nani,' nyavu hizoo, zinakuja!"

"Ni Mungu tu."

"Na yule fedhuli mwenyewe nimemwona! Kaja machimboni Geita kuomba kazi. Kataja jina tu, watu wakamjibu kwa midomo, du-du-du. Nani amshikishe kamba mtu kama yule? Kachukua begi lake, kaondoka. Tulicheka, wallahi, mbavu hizi."

Donatus naye alicheka. Baadaye, alipokuwa akijihesabia makosa, kicheko hicho kilimsumbua kuliko wimbo wenyewe, maana wimbo angalau aliutunga kwa juhudi.

Nyumbani hakumaliza ugali. Mkewe Eufrasia alipomuuliza, akasema ni jino. Jino hilo lilimuuma wiki tatu. Kila pikipiki yenye spika ilipopita alijikuta akisubiri yale mapigo matatu, na yalipofika aliinama kama mtu anayetafuta kitu chini. Watu walimwita manju barabarani, aliitika. Hakuna aliyemlazimisha kuitika.

Wiki ya nne akaenda kwa Mwigulu. Alimkuta kwenye tope mpaka magotini, akifyatua matofali.

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka. Manju mwenyewe! Leo nimeachia nini tena?"

Donatus akajieleza. Alikuwa amejiandaa, na alieleza vizuri: mizani ya wimbo, ufupi wa jina, mahitaji ya ngoma, jinsi msanii wakati mwingine anavyotawaliwa na kazi yake. Mwigulu aliendelea kusawazisha tope kwenye kibao.

"Kwa hiyo ni silabi."

"Ni silabi, kaka. Marselino ni refu."

"Mama mkwe wako anamwitaje Marselino?"

Donatus akatazama matofali. Mama mkwe wake ndiye mama mzazi wa Marselino. Eufrasia na Marselino wamenyonya titi moja. Jambo hili hakulitaja katika maelezo yake, kwa kuwa halikuhusu mizani.

"Anamwita Masele."

"Hesabu."

"Kaka..."

"Wewe ndiye fundi. Hesabu nisikie."

"Ma-se-le."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Basi usiniletee ngoma hapa. Ulimwogopa shemeji yako au ulimwogopa mkeo?"

"Wote wawili."

"Hilo," Mwigulu akasema, akifyatua tofali, "ndilo neno la kweli la kwanza kulisikia kwako tangu uwe manju."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi, na Donatus alikuwa amealikwa kuimba. Alipofika kwenye wimbo wake akauliza, "Kamba kaiachia nani?" akawahi kujibu mwenyewe, "Masele!" Umati ukamfunika: "Mwigulu!" Akarudia. Wakamfunika zaidi, wakidhani manju anataka sauti. Marselino alikuwa meza ya pili na sahani ya pilau, akiitikia kwa moyo kuliko wote.

Donatus akanyanyua mkono, ngoma ikanyamaza. Akasema bila tuni kwamba Mwigulu alishika, aliyeachia ni shemeji yake, na yeye alijua tangu siku ile. Watu wakacheka, maana alikuwa mchekeshaji wao. Kisha wakamwona Marselino anaweka kijiko chini na kuondoka, na Eufrasia anainuka kumfuata kaka yake, na kicheko kikaisha meza baada ya meza. Bwana harusi akaomba muziki wa redio.

Eufrasia alirudi baada ya wiki mbili, akatangaza amerudi kwa ajili ya mpunga tu.

Donatus alitarajia kwamba sasa angalau atalala. Lakini Onesmo akaja na ujumbe wa Mwigulu: "Mwambie nashukuru. Ila Masumbwe walikuwa wanajua tangu mwanzo. Wasiojua wako huko mbele."

Ilikuwa kweli, na iliudhi kama kweli zote zisizotungwa na wewe. Ujasiri wake wote alikuwa ameupeleka mahali pasipouhitaji. Basi alipomaliza kuvuna akaanza kuzunguka. Geita, kwenye machimbo yale yale yaliyomkataa Mwigulu, walimsikiliza watu kumi na mmoja. Nkome wavuvi walimwambia wameelewa, kisha wakavuta nyavu kwa wimbo ule ule kwa sababu ndio unaovutika. Alirudi siku ya pili akawaeleza upya.

Maganzo, kwa wachekechaji wa almasi, kijana mmoja alimkatisha.

"Tuimbie kwanza, mzee, tujue ni upi huo unaoufuta."

"Siimbi."

"Kidogo tu. Kipande."

Kilikuwa kipande kizuri, na ndani yake jina bado lilikuwa linaingia barabara. Donatus alilisikia lilipofika kooni.

"Siimbi," akasema tena.

"Sasa wewe ni manju gani?"

Wakatawanyika kwenda kwenye chekeche zao. Walibaki wawili, mmoja wao akisubiri chai yake ipoe. Donatus akakaa chini akawasimulia hao wawili, polepole, kuanzia simu ilipoita.