Gari la Kukodi Si Sufuria ya Jirani

Siku niliyorudisha gari la kukodi nikiwa nimelisugua kwa sabuni bado naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira. Nilidhani hasira hizo zimeisha. Jana, uliponiambia kwenye simu kwamba unakwenda kuliosha gari ulilopewa na bima ili ulirudishe kesho, zikanirudia zote. Umegongwa ukiwa umesimama, gari lako limekufa, hujalipwa kitu, na wewe unatafuta sabuni. Nikakuuliza kwa nini. Ukanijibu, "Auntie, it's fine, wamekuwa nice sana." Neema, keti basi unisikilize mimi shangazi yako, maana wema wa namna hiyo naujua.

Nilikuwa kijana kama wewe, sina miaka mingi hapa Toronto. Nilikaa Downsview, kwenye ghorofa linalotazamana na maghala, na kazi yangu ilikuwa kuwaamsha wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwavisha na kuwapa chai. Wazee wenyewe walikaa mbalimbali, huyu Vaughan, yule Markham, na wakala aliyeniajiri aliniuliza maswali mawili tu: kama naogopa mbwa, na kama nina gari. Gari nilikuwa nalo, Corolla kuukuu ambalo mlango wake mmoja ulifunguka kwa ndani tu. Bila hilo gari sikuwa na kazi.

Asubuhi moja ya Februari nimesimama kwenye taa nyekundu barabara ya Keele, mikono kwenye usukani, simuwazii mtu mabaya, pikapu ikaniingia kwa nyuma. Dereva wake alishuka simu ikiwa bado mkononi, akasema mwenyewe kwamba hakuiona taa. Kwenye kituo cha kuripoti ajali akasema vivyo hivyo. Kampuni yangu ya bima ikakubali kwamba kosa si langu hata chembe, ikanipa gari la kukodi wakati wanalikagua langu. Lilikuwa jipya, hata viti vyake vilijipasha joto kwa umeme. Niliogopa kunywa chai ndani yake.

Baadaye akanipigia kijana wa bima aliyeshika faili langu. Alikuwa mpole, nasema kweli, na upole huo ndio unaoniudhi mpaka leo. Alinieleza kwamba Corolla langu halitengenezeki, kulitengeneza kungegharimu kuliko thamani yake, kwa hiyo watanilipa thamani hiyo na mabaki watayachukua wao. Kisha akasema kwamba kwa kuwa hakuna tena gereji ya kusubiri, gari la kukodi lirudi Ijumaa. Nikamuuliza fidia inakuja lini. Akasema bado wanakadiria. Yaani hawajui watanipa nini wala lini, ila Ijumaa wanaijua vizuri. Na mimi unajua nilimjibu nini? Nilimwambia asante sana.

Usinicheke, maana na wewe umelelewa kwenye nyumba hiyohiyo. Mama yangu, bibi yako wa Machakos, alitufundisha kwamba kitu cha watu hakikai kwako bila sababu. Sufuria ya jirani ilirudi imesuguliwa mpaka kitako, na ndani yake tukaweka chochote kilichokuwapo, maharage kidogo au mahindi mawili, lakini haikurudi tupu. Ni malezi mazuri, siyakani. Basi Alhamisi nililipeleka lile gari pale unapotia sarafu ukaosha mwenyewe. Nikatoa mazulia yake nikayasugua kwa brashi ya nguo kuondoa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Nikajaza tangi mpaka juu, na nilikuwa nimelipokea likiwa halijajaa. Msichana wa kaunta alilizunguka akitafuta kasoro, akaikosa. Nikamwambia Mungu akubariki, nikaenda kusimama kwenye theluji kungoja basi, nimejaa raha ya mtu aliyelelewa vizuri.

Raha hiyo haikumaliza wiki. Kulikuwa na Bibi Rosa kule Vaughan, mjane wa Kiitaliano asiye na nguvu za miguu, ambaye kila asubuhi alinisubiri nimtoe kitandani. Kwa gari nilikuwa nikifika mapema. Kwa basi nilibadilisha njiani halafu nikatembea, na siku moja basi la pili halikuja. Nilipofungua mlango nilimkuta sakafuni kati ya kitanda na choo, gauni la kulalia limelowa, ameshikilia mguu wa kiti. Hakuvunjika, Mungu ni mwema. Lakini alikuwa amegeuzia uso ukutani, akaniomba nisimwambie mwanawe. Mwanamke wa umri wa mama yangu aliniomba msamaha mimi, niliyechelewa. Nilimwinua, nikamwogesha, nikamvisha gauni kavu.

Wakala hakungoja sababu zangu. Aliniondolea Bibi Rosa na wazee wote wa Markham, akaniachia wawili wa mtaani kwetu ninaoweza kuwafikia kwa miguu. Basi yule kijana mpole alipopiga tena, sasa akiwa na kiasi cha fidia, nilikubali hata kabla hajamaliza kueleza. Kiasi chenyewe kisingenunua hata gari bovu kuliko lile nililokuwa nalo, na nilijua. Ila kazi ilikuwa inaniponyoka na sikuwa na nguvu ya kubishana.

Jumapili nilimsimulia Mama Bahati, mama wa Kikongo kutoka Uvira, tukiosha vyombo jikoni kanisani. Mimi nililalamikia mabasi. Aliniacha nimalize, akafunga bomba, akaniuliza lile gari la kukodi nani alikuwa akililipia. Nikasema bima. Akauliza kama kuna mwezi nimewahi kuacha kuilipa hiyo bima. Nikasema hakuna.

"Basi haikukuwa zawadi," akasema. "Na haukuazima kitu kwa mtu. Asiransi yako ilipaswa kukutembeza mpaka ikupe ya kununua ingine. Uliwarudishia haki yako, tena umeiosha."

Nikajitetea kwamba wao ndio walioniambia nirudishe.

"Na miye waliniambia, ule mwaka niligongwa. Nikawaambia, sawa, muniandikie sababu kwa karatasi. Hakuna mtu aliandika. Nilitembea na ile gari mpaka siku waliniletea bei ya kweli."

Nikaiweka chini sahani yenye povu. Nilikuwa nimeshakubali fidia, nimeshasaini, hakukuwa na la kurudi nyuma. Na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanyiwa, mwanangu, na ninataka uelewe na wewe kabla ya kesho. Gari la kukodi likiwa kwako, kampuni ndiyo inayoligharamia, kwa hiyo wenye haraka ya kumaliza mambo ni wao. Ukilirudisha tu, haraka yote inahamia kwako. Wao wanaweza kukadiria mpaka theluji iyeyuke. Wewe una kazi ya kuwahi kila asubuhi, na utakubali chochote watakachokutajia.

Yule kijana alilijua hilo. Na tazama, hakunifokea wala hakunitisha, aliniomba tu, kwa sababu watu kama sisi tukiombwa vizuri tunaona aibu kukataa. Angenifokea, pengine ningefoka nikapona. Hicho ndicho kinachonikera miaka yote hii. Adabu niliyopewa na mama yangu, kitu kizuri kuliko vyote nilivyotoka navyo nyumbani, ndiyo waliyoitumia kunikamua. Na sasa wamekuja kwako na sauti ileile, na wewe umewaita nice.

Sasa sikia ninachokuusia. Hapa Ontario, ukigongwa na kosa si lako, bima yako mwenyewe ndiyo inayokulipa, na kwa kawaida inakulipia na gari la kukodi kwa muda unaofaa wakati hujapata fidia ya lako. Soma mkataba wako uone kama sehemu hiyo unayo, maana kuna watu huiondoa ili walipe kidogo. Kama unayo, leo hii mwandikie huyo mtu wa bima, usimpigie. Mwambie kwa heshima kwamba hujaletewa fidia na unalihitaji gari kwa kazi, na kama anataka lirudi akuandikie ni kipengele gani cha mkataba kinachosema hivyo. Akisitasita, muulize nani anayeshughulikia malalamiko katika kampuni yao, maana lazima awepo. Na wakikutajia bei, usikubali hapohapo kwenye simu. Tafuta magari ya aina yako yanauzwa kwa kiasi gani hapa mjini, uwaoneshe.

Sikuambii ukae na gari hilo mpaka Krismasi. Wakishakuletea bei ya haki, na ukapata siku chache za kutafuta lingine, lirudishe, tena uliache safi ukipenda. Sikufundishi utovu wa adabu, na bibi yako angenikaripia kutoka kaburini. Sufuria ya jirani iendelee kurudi na kitu ndani. Lakini jirani ni yule aliyekuazima kwa hiari yake, naye kesho atakuja kuazima kwako. Kampuni uliyoilipa ikulinde haijakuazima kitu, na huna sababu ya kuionea haya.

Mungu aliyekutoa mzima kwenye yale mabati akulinde barabarani, mwanangu. Akupe ulimi mpole na shingo ngumu, na kazi yako isikuponyoke kama yangu ilivyoniponyoka. Kesho usiende kuosha gari. Liache na chumvi yake, na Jumapili upite hapa unichukue twende nalo kanisani. Nataka nikae kwenye kiti chake, nacho bila shaka kina joto kama vya lile langu, na safari hii nitakuja na chai yangu.