Nilikwenda Kumchukua Mama wa Bibi Harusi

Watu wakisikia nilikaa China sikukuu nzima wanadhani nilikwenda kustarehe. Nilikwenda Guangzhou kumchukua shoga yangu, arudi Moshi kumuaga binti yake anayeolewa. Tuliuza mitumba meza kwa meza, mimi na yeye, tangu usichana wetu, mpaka alipokwenda kule kununua nguo za jumla akanogewa. Viza ikaisha, akabaki. Na kwetu sendofu, sherehe ya kumuaga binti, bila mama mzazi ni aibu. Nani atamshika binti mkono amkabidhi kwa mama mkwe?

Nilimkuta mtaa wa Sanyuanli, chumba cha ghorofa ya juu kabisa, ngazi zinanuka samaki mkavu. Baridi ya kule haina adabu. Inaingia ndani na kukaa, ukuta unatoa jasho, na moto wa kuota hakuna.

"Umenenepa," akaniambia mlangoni.

"Na wewe umezeeka. Funga mizigo."

Akacheka, akanisongea ugali wa unga alioletewa na wafanyabiashara wa Dar.

Kipindi kile polisi walikuwa wakali. Walikuwa wakiziba ngazi za majengo ya biashara na kudai pasipoti kwa kila mwenye ngozi kama yetu. Mwenye viza iliyokwisha akikamatwa, ndani. Ila watu walisema ukijipeleka mwenyewe ofisini ukalipa faini, unaweza kuruhusiwa kuondoka. Ndivyo tulivyokubaliana, tujipeleke. Lakini nimefika ni mwaka mpya wa Kichina, ofisi imefungwa. Ikabidi tungoje ifunguliwe.

Nisiseme uongo, kungoja kule kulikuwa kutamu. Tulilala kitanda kimoja na makoti yetu, tukisengenya watu waliokwisha kufa. Alinisuka. Mchana tukasukuma kitanda ukutani, tukafanya mazoezi ya kuingia ukumbini, yeye mama, mimi binti.

"Usitikise kiuno, wewe ni bibi harusi."

"Bibi harusi mwenye goti bovu."

"Basi inamisha macho. Angalau macho hayajaoza."

Alijua kila hatua. Mkono wa binti aliushika kwa namna ambayo mimi mwenyewe, goti bovu na yote, nilitaka kulia.

Siku moja akasema, "Leo hata polisi wanakula sikukuu. Twende ukaone mji."

Nilikubali haraka. Kwetu siku ya Krismasi ukiibiwa, polisi utamtafuta mpaka baa. Tukadhani ni kama kwetu. Siku zote alipita mitaa ya Liuhua kwenye masoko ya viatu, katikati ya wanunuzi na mikokoteni na wasafiri wa treni wenye mabegi, na hakuna aliyemwona. Hatukufikiri kwamba ule msongamano ndio uliokuwa ukimficha. Siku ile maduka yote yameshusha milango, karatasi nyekundu zimebandikwa, barabara imefagiliwa nyeupe. Tukawa sisi wawili tu, kama nzi kwenye maziwa.

Polisi wawili walitukuta chini ya daraja la waenda kwa miguu. Mmoja akanyoosha mkono. Shoga yangu akanibana kiwiko. "Mcheleweshe."

Pasipoti yangu huwa naiweka kifuani, imefungwa kwenye leso, fundo juu ya fundo. Nikaingiza mkono ndani ya blauzi, pale pale barabarani, nikatafuta taratibu. "Subiri, mwanangu," nikamwambia kwa Kiswahili, "vidole vya bibi yako vimeganda." Yule kijana akatazama pembeni kwa haya, mwenzake akacheka. Walipogeuka, shoga yangu alikuwa amekata kona. Mmoja alimkimbilia, akarudi anahema, mikono mitupu. Wakaitazama viza yangu, wakanirudishia.

Nilirudi nimejaa ushindi. Nikamkuta ameketi sakafuni nyuma ya mlango, kiatu kimoja hana.

"Tumewaweza," nikasema.

Hakucheka. "Umemwona alivyokimbia? Na mimi nijipeleke kwa wale kwa miguu yangu?"

"Ofisini ni wengine."

"Polisi ni polisi."

Ofisi ikafunguliwa, hakwenda. Nilibembeleza, kisha nikatukana. Nikamuuliza ni mama gani yeye.

"Mama asiyetaka binti yake asikie siku ya sendofu kwamba nimefungwa," akanijibu. "Simama wewe. Hatua unazijua."

Nikapanda ndege peke yangu.

Nilisimama. Na mimi jambo nikilishika silishiki kwa vidole viwili. Niliingia ukumbini nikicheza mpaka watu wakapanda juu ya viti. Nilimkabidhi binti, nikamfunga mama mkwe kanga, nikalia machozi ya kweli. Watu wakasema huyu ndiye mama. Kichwa kikavimba.

Shoga yangu alikuja kukamatwa baadaye, akarudishwa Moshi na polisi walewale aliowakimbia, mkononi mfuko mmoja wa plastiki. Binti alimpokea vizuri, akamwandalia chai kwenye vikombe vya wageni.

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama. Wa pili alipozaliwa alipewa jina langu. Sikuomba. Sikukataa pia. Na mtoto mwenyewe ni moto wa kuotea mbali, darasani anaongoza, mdomo kama wangu, sokoni hakuna asiyejua habari zake, kwa sababu nawaambia. Lakini nikimsifu mbele ya shoga yangu maneno yananiganda mdomoni. Laiti siku ile ya kwenda kuona mji ningesema nasikia baridi, tubaki ndani.

Juzi tulikuwa wote uani kwa binti. Mtoto akatoka mbio, ameanguka, goti linavuja damu, analia, "Bibi!" Shoga yangu ndiye aliyekuwa karibu, akafungua mikono.

"Siyo wewe," mtoto akasema, akampita.

Nikampokea, ningefanyaje. Shoga yangu akashusha mikono kwenye ungo, akaendelea kuchambua mchele.

"Mfute vizuri," akaniambia. "Goti lina mchanga."